Picha Irudi Ukutani

Katika mkutano wetu wa walimu uliopita lilipitishwa neno ambalo hatukupata wasaa wa kulijibu papo hapo, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na wenzetu wa mbali walikuwa wakiwahi magari. Ilisemwa ya kwamba picha iliyotundikwa katika darasa letu la jioni mjini Malindi, ile imwonyeshayo Aeneas akimtoa babake katika mji unaoteketea, haifai kukaa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili. Eti ni nakala iliyochorwa kwa mkono na fundi wa vibao, wala si kazi ya asili. Eti ni hekaya ya Waroma, na Mtaliani aliitumia Roma kututawala. Tena eti haimhusu Mswahili hata kidogo. Siku ya pili picha ilishushwa, ikafungiwa kabatini. Sisi tunaamini kwamba ndugu zetu wamekosea, na tunaomba nafasi katika kurasa hizi tuwaeleze ni kwa nini.

Yafaa msomaji alijue kwanza darasa lenyewe. Ni darasa la watu wazima, na wengi wao ni Wabajuni wa visiwani: wa Koyama, wa Chovai, wa Chula, na kadha wa kadha wa Kudha, kisiwa tulikozaliwa sisi. Walivuka kwa majahazi na mashua mwaka 1991 na 1992, wakati dola ya Somalia ilipovunjika na wenye bunduki wakawageukia wasio na bunduki. Sisi tulivuka nao, tukiwa na umri wa miaka tisa. Kiswahili watu hawa wamezaliwa nacho. Ila Kiswahili chao ni Kibajuni, ambacho hakikupata kuingia shuleni. Wakati wa Mtaliani shule ilikuwa ya Kitaliani, na tangu mwaka 1972, Kisomali kilipopewa hati yake ya kuandikia, shule ikawa ya Kisomali. Mvuvi wa Kudha alisoma kwa lugha ya serikali na akaota kwa lugha ya mamake. Sasa amekuja kwetu kutafuta Kiswahili sanifu, ajaze fomu na kuwasomea wajukuu vitabu vyao, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba amekosea. Mama mmoja alipohesabu watoto wake akasema “chachu”, kama tusemavyo sisi mahali pa “tatu”, mwalimu kijana aliyekuwa akitusaidia alimwuliza chachu hiyo ni ya mkate gani. Darasa lilicheka. Yule mama hakucheka, na wiki mbili zikapita asifungue kinywa.

Kinywa chake kilifunguliwa na picha.

Malindi, kama ijulikanavyo, imekaliwa na Wataliani wengi tangu walipojenga kituo chao cha kurushia roketi za San Marco katika ghuba ya Ungwana miaka ya 1960, na biashara ya hoteli ikawafuata. Yuko fundi mmoja aliyeanza kwa kuandika vibao vya maduka, na baadaye akawa akinakili picha za zamani za Italia kwa rangi za mafuta, akitazama vitabuni, awauzie wenye mikahawa. Hakusomea popote. Nakala moja mwenye kuiagiza aliikataa, akidai kwamba haikufanana. Fundi akatupa sisi bure. Ilikuwa nakala ya kazi ya Federico Barocci, mchoraji wa Urbino aliyekufa mwaka 1612, mmoja wa wale wa mwisho wa zama za mwamko wa sanaa huko Italia. Hadithi yake imo katika utenzi wa Virgil, malenga wa Roma. Mji wa Troya umeingiliwa usiku na adui na unaungua. Aeneas amembeba mgongoni babake mkongwe, Anchises, ambaye mikononi ameshika vijisanamu vya miungu ya nyumbani kwao. Mtoto yu kando, na mke, Creusa, yu nyuma. Kwa Virgil mke huyo hupotea katika vurugu, na Aeneas hurudi motoni kumtafuta asimpate. Kisha huingia baharini na waliosalia, na baada ya tufani na taabu nyingi hufika Italia, na kizazi chake ndicho, kwa mujibu wa hekaya, kilichojenga Roma.

Tuliitundika picha bila kusema neno, tukauliza tu: “Mtu huyu anafanya nini?” Aliyejibu kwanza alisema anamweleka babake. Hapo pakazuka ubishi ambao hatutausahau. Mzee wa Kudha, aliyekuwa akikaa nyuma kimya, alisema kwa ukali kwamba mzee haelekwi: huelekwa mtoto, kwa mbeleko, naye mamake, mzee huchukuliwa. Kijana wa Malindi akasema kuchukua si kubeba, kuchukua ni kutwaa kitu. Mzee akamjibu kwamba kwao gari huchukua watu na punda huchukua mawe, na hakuna aliyetwaa kitu cha mtu. Kabla ya saa kwisha tulikuwa na maneno ubaoni: kueleka, kuchukua, kubeba, kupakata, kupagaa, kujitwika, kufumbata, kila neno na mwili wake na mzigo wake. Ni kamusi gani ingetupa mafunzo hayo kwa saa moja?

Ndipo yule mama wa “chachu” alipouliza: “Na mbona mke amewekwa nyuma?” Akaendelea, hakungoja jibu. Alisema usiku wa kuondoka Kudha yeye ndiye aliyekuwa nyuma, na mashua ilikuwa imekwisha kusukumwa, na kama si shemeji yake kurudi majini hadi kifuani angebaki. Aliyasema yote hayo kwa Kibajuni, na hakuna aliyemsahihisha. Tuliwauliza wengine kila mmoja alishika nini mkononi siku ile, kama Anchises alivyoshika vijisanamu vyake. Mmoja alishika msahafu. Mmoja ufunguo wa mlango, na anao hata leo. Mzee wetu alisema hakushika kitu kwa kuwa mikono miwili yote ilikuwa na mtu. Hakusema ni nani, nasi hatukuuliza. Juma lililofuata waliyaandika hayo kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja mmoja, watu ambao miezi mitatu nyuma walikuwa hawajui nukta hukaa wapi.

Basi hiyo ndiyo picha iliyomo kabatini. Tuje kwenye hoja za wenzetu.

Wamesema ni nakala. Naam, ni nakala. Lakini je, ndugu zetu wajua kwamba ile ya Barocci iliyoko Roma, katika jumba la Borghese, watu wanayosafiri kwenda kuitazama, nayo si ya kwanza? Ya kwanza Barocci aliichora kwa ajili ya Kaisari Rudolf II, aliyekuwa na baraza lake Prague, ikamalizika mwaka 1589. Hiyo imepotea. Tuliyo nayo ni ile aliyoichora mara ya pili, mwaka 1598. Lau yule bwana angekuwa na maoni ya wenzetu, akasema kazi njema hufanywa mara moja tu na kurudia ni aibu, dunia leo isingejua alichora nini. Isitoshe, Barocci mwenyewe alimwiga nani? Mwaka 1514 Raphael, naye mwana wa Urbino, alikuwa amekwisha kuchora katika kuta za Vatikani moto wa mtaa wa Borgo, na humo yumo kijana aliyembeba mzee mgongoni, kila mwenye kusoma Virgil humtambua. Na nyuma ya Aeneas wake, Barocci alichora jengo la duara linalofanana na hekalu dogo la Bramante lililoko Roma, lililojengwa baada ya Troya kwa maelfu ya miaka! Kwa maneno mengine, alichukua hadithi ya mbali akaiegesha mtaani kwake.

Fundi wetu wa Malindi amefanya vivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu mwenye mkahawa aliikataa kazi yake. Mahali pa hekalu la Bramante amechora nguzo nene nyeupe, yenye kuchongoka juu. Tulipomwuliza alisema jengo la kitabuni lilimshinda, akachora alichokijua. Wanafunzi wetu walipoiona walisema mara moja: kaburi la nguzo. Nao walisema kweli, kwani makaburi ya namna hiyo yako Malindi karibu na msikiti wa Juma, na yako pwani yote hata kwetu visiwani. Mtu wa Kudha akiitazama Troya ya fundi yule aona mji wake. Tunauliza: hapo nakala imepungua au imeongezeka?

Mwalimu wa Kiswahili ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuidharau nakala ya mkono. Tungesoma nini leo lau hapangekuwa na wanakilishi? Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri, na sehemu kubwa ya miswada ya tenzi iliyohifadhiwa London na Ujerumani ni ya mkono wake. Tunapowafundisha watoto tenzi za kale mara nyingi tunawafundisha nakala za Kijumwa na za watu kama yeye, nao walinakili kutoka kwa waliotangulia, na kila mkono umeacha alama yake. Hatujapata kumsikia mwalimu akisema Kijumwa ni fundi wa vibao.

Au tutazame kazi ambayo kila mmoja wetu amewahi kuifundisha au kufundishwa. Plutarch aliandika maisha ya Kaizari kwa Kiyunani. Amyot akayageuza kwa Kifaransa mwaka 1559. North akayatoa Kifaransa hadi Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akayachukua ya North akayafanya mchezo. Na Mwalimu Nyerere akauleta mchezo huo kwetu mwaka 1963, akautengeneza upya na kuutoa tena kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Hiyo ni nakala ya nakala ya nakala, mikono mitano, na ni hekaya ya Waroma toka juu hadi chini. Wenzetu waliopiga kura picha ishushwe wamewatahini vijana kwa kitabu hicho. Kama Brutus ana ruhusa ya kusema Kiswahili darasani, kwa nini Aeneas asiwe na ruhusa ya kukaa kimya ukutani?

Twakubali kwamba yako maneno mazito upande wa pili, na aliyeyasema ni mtu wa heshima. Elimo Njau, mchoraji wa Tanzania aliyeanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliifanya kuwa kauli ya mahali hapo kwamba wasanii wasiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Tunaifahamu ghadhabu ile. Ilikuwa zama ambazo kijana Mwafrika alitazamiwa kuchora vilima vya Uingereza asivyovijua, na mtu alihitaji kusema basi. Lakini Njau alikuwa akisema na wachoraji juu ya kazi zao, na yeye mwenyewe alipozichora kuta za kanisa la Murang'a katika miaka ya 1950 alichora kuzaliwa kwa Yesu na kusulubiwa kwake, mambo yaliyochorwa Italia mara elfu, ila akayatia katika nchi ya Wakikuyu na watu wake. Hatuoni kwamba alikuwa mbali na fundi wetu na kaburi lake la nguzo.

Hoja ya Mtaliani ni nzito zaidi, na sisi wa visiwani hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 1925 Mwingereza alimkabidhi Mtaliani Jubaland pamoja na Kismayo, na visiwa vyetu vikaenda ndani ya karatasi hiyo bila mwenye kisiwa kuulizwa. Mwaka 1930 Italia iliadhimisha miaka 2000 tangu kuzaliwa kwa Virgil kwa kutoa stempu zenye picha za utenzi wake, na seti moja ya stempu hizo ilipigwa chapa ya jina SOMALIA kwa matumizi ya koloni. Picha mojawapo ilimwonyesha Aeneas akishuka pwani. Hebu tulifikirie jambo hilo: mgeni aliyekuja kwa jahazi na kutua katika nchi ya watu, amepigwa muhuri wa jina letu! Na mwaka 1936 Mussolini alipotangaza dola yake baada ya kuishambulia Uhabeshi, alisema dola imerejea juu ya vilima vya Roma. Kismayo haikumtoka mkononi hadi Februari 1941, Mwingereza aliporudi.

Hayo yote ni kweli, na ndiyo hasa tunayoyashikilia. Mtaliani alituletea Aeneas akitua. Hakutuletea Aeneas akikimbia. Alituonyesha mwisho wa hadithi akauficha mwanzo, kwa maana mwanzo wake ungewapa babu zetu neno la kumwambia: kumbe babu yako naye alikuwa mkimbizi, aliyetoka baharini hana mji, akapokewa na wenyeji! Barocci alichora mwanzo huo. Fundi wa Malindi ameunakili. Na watu wa Kudha, ambao ndio waliopigwa muhuri, wameusoma kwa lugha yao wenyewe. Kuwanyang'anya picha hiyo kwa jina la kupinga ukoloni ni kumwachia Mtaliani hadithi yote ilivyokuwa mwaka 1930.

Kuhusu kwamba Roma haimhusu Mswahili hatutasema mengi. Utenzi mrefu wa kale tunaojivunia, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, jina lake jingine ni Chuo cha Herekali, na Herekali ni kaisari wa Rumi. Aliyesema haitukusu Rumi na aanze kwa kuufuta huo katika orodha ya vitabu.

Wala hatutetei kila picha. Wachoraji na wachongaji wa zama zile walipenda pia hekaya ya wanawake wa Sabini, walioalikwa karamuni na watu wa Romulus kisha wakatwaliwa kwa nguvu wawe wake. Giambologna aliichonga kwa marumaru mwaka 1583, na sanamu ingali Florence uwanjani. Ustadi wake hauna kifani. Fundi wetu alituonyesha pia nakala ya picha ya kisa hicho, tukamrudishia. Katika darasa letu wamo wanawake walioyaona mambo hayo barani na visiwani, wala si hekayani, na hatuna haja ya kuwatundikia. Lucretia wa Titian naye tulimwacha kwa sababu iyo hiyo. Tunachosema ni kwamba kuchagua ni kazi ya mwalimu aliyelijua darasa lake, si ya mkutano uliopiga kura bila kuiona picha. Kwa maana hawakuiona. Tuliuliza.

Na sasa tuwaulize wao. Ukuta umebaki mtupu. Mmeleta nini mahali pake? Tumeingia madarasa mengi ya wenzetu waliozungumza kwa ushupavu juu ya utamaduni wetu, tukakuta ukutani jedwali la ngeli na kalenda ya duka la vipuri. Ziko wapi picha za mtepe, za mvuvi wa kasa akimtuma chazo wake majini na kamba mkiani? Nani katika chama hiki amekaa na wazee akanakili kwa mkono vave za wakulima wa Kibajuni na kimai za wavuvi, wakati wazee hao wako Malindi na Mombasa, hatua chache kutoka vituo vya basi, na kila mwaka wanapungua? Novemba 2014 jina la Kudha lilisikika redioni siku kadhaa mfululizo, kwa sababu ya mapigano ya Al-Shabaab na majeshi ya Jubaland. Hatukumbuki kulisikia mara nyingine. Tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni siku ya Kiswahili duniani tumekaa katika sherehe zake kila mwaka, na hatujasikia neno moja la Kibajuni likisomwa jukwaani. Wenye kuogopa nakala hawajanakili kitu.

Tangu picha iondolewe, mzee wetu wa Kudha amekuja darasani mara moja tu. Alitazama ukutani palipokuwa na msumari, akauliza kama kuna aliyekufa. Yule mama angali akija, lakini amerudi kuandika sentensi za kitabuni, za Juma na Asha wanaokwenda sokoni.

Fundi ametuambia kwamba yu tayari kuchora nakala nyingine, naye haombi ujira, ila gharama za turubai na rangi. Safari hii wanafunzi wamemwomba amweke mke mbele, na mahali pa farasi na majumba ya Troya achore ufuo wa Kudha kama watakavyomweleza. Amekubali. Tumekwisha kuchanga nusu. Walimu wanaotaka kuiona ile ya kwanza kabla ya kuihukumu tena waje tu. Darasa hukutana Jumatatu na Alhamisi baada ya sala ya Isha, na kabati tutawafungulia.